Kukohoa Katika Dakika ya Kimya

Jumatatu, 9 Februari

Nimeamua kuandika shajara. Watu wakubwa wote wanaandika, na mimi nikishakuwa mkubwa sitakuwa na nafasi.

Kwanza mambo yalivyo, ili atakayesoma nikishapata jina asibahatishe. Hapa chuoni nina masomo mawili. Somo kuu: Sayansi ya Udongo. Somo dogo: Mawasiliano ya Umma. Udongo sikuuchagua mimi. Zilinichagulia alama zangu za sekondari. Zilifika mlangoni kwa Mawasiliano zikakuta pamejaa, zikaambiwa ziende zikachimbe. Basi nusu ya wiki napima mchanga kwenye chupa. Nusu iliyobaki mimi ni mwanahabari.

Mwanahabari wa somo dogo, lakini. Tofauti ni hii: wa somo kuu wanaingia studio ya redio ya chuo kushika maikrofoni. Sisi wa somo dogo tunaingia na kitambaa cha vumbi.

Ningevumilia, shida ni mama. Mama ni fundi cherehani upande wa pili wa mji, na redio yetu inafika mpaka chumba chake cha kushonea, mvua isiponyesha. Mwaka jana nilimwambia nasoma Mawasiliano ya Umma. Sikusema uongo. Sikutaja ukubwa tu. Sasa kila mteja anayekuja kupimwa kiuno anaombwa anyamaze, huenda mwanawe akatangaza sasa hivi. Huu mwaka wa pili anasubiri. Jana alinipigia akaniuliza kwa upole kama redio yake ndiyo mbovu, maana yuko tayari kutafuta nyingine.

Njia ipo. Mkuu wa Idara, mama mmoja mrefu anayesikiliza watu akiwa amefumba macho, ametangaza kwamba mtu wa somo dogo anaweza kuhamia somo kuu akiwa na makala moja iliyorushwa hewani. Moja tu. Kikao cha kuhamisha watu ni Jumatatu ijayo. Ikipita hiyo, mlango unafungwa na mimi nabaki udongoni mpaka nihitimu.

Makala ninayo. Inaitwa "Usingizi Darasani". Dakika tano za uchunguzi mkali. Inaanza na mkoromo wa mwenzangu wa chumbani, jina lake la bwenini Trekta, niliourekodi kwa simu nikiwa nimeishikilia juu ya pua yake. Kisha naingia mimi, sauti kama ya radi.

Leo nimeipeleka mara ya tatu kwa mtayarishaji wa vipindi. Ni kijana wa somo kuu, mwaka huohuo wangu. Namwita Asali kwa ajili ya sauti yake, wala simsifu. Asali ikizidi inakwama kooni. Amesikiliza kidogo, akavua hedifoni, akasema mkoromo ule una habari nyingi kuliko mimi. Akaniomba, kwa kuwa nimeshafika, nifute na meza.

Nimefuta meza. Lakini kwa dharau.


Jumanne, 10 Februari

Siku kubwa. Historia itaitaja.

Nilikuwa nafuta vumbi chumba cha mitambo. Anayekitawala ni Fundi, mtu wa maneno machache mwenye funguo nyingi kiunoni. Akitembea unadhani mbuzi mwenye kengele anapita. Nikamuuliza ile kompyuta ya pembeni inafanya nini, maana haina mtu. Fundi akasema inasikiliza.

Inasikiliza redio yetu saa zote. Ikisikia kimya kwa sekunde ishirini inajua mtangazaji kalala au kakimbia, basi yenyewe inaanza kupiga faili moja la dharura, ili wasikilizaji wasidhani redio zao zimekufa. Faili lenyewe ni filimbi. Filimbi moja ya huzuni, ya tangu siku redio ilipofunguliwa. Haijaguswa tangu hapo.

Nimesimama na kitambaa changu mkononi kama sanamu. Fikiria. Mashine inayorusha mtu hewani bila kumuuliza ana somo gani. Haina mtayarishaji. Haina Asali.

Fundi alipokwenda kunywa chai nilifanya kazi fupi sana. Filimbi nikaihamishia kwenye flashi yangu. "Usingizi Darasani" nikaiweka palepale, kwa jina lilelile la faili la zamani. Nikafuta na vumbi la kompyuta. Sitaki kusemwa mvivu.

Sasa ninachohitaji ni sekunde ishirini za kimya kutoka kwa Asali. Sekunde ishirini! Hata mtoto akinyonya ananyamaza zaidi ya hapo. Nimelala mchana nikitabasamu. Trekta kaniuliza nina nini. Nimemwambia pua yake itakuwa maarufu.


Jumatano, 11 Februari

Watu wanaoongea sana wana adui mmoja: tofi. Hili nalijua tangu darasa la tatu.

Asubuhi nimenunua zile ngumu, zinazoshika meno ya juu na ya chini kama gundi ya mbao. Nikampelekea Asali muda mfupi kabla ya kipindi. Nikamwambia nimeyatafakari maneno yake, nimeona ana haki, na tofi ni heshima yangu kwake. Akaguswa kweli, maskini. Akatupia mbili mdomoni kwa mpigo. Nikakimbilia koridoni, chini ya spika ya ukutani, nikatega sikio.

Hakunyamaza. Kiumbe huyu anaongea na tofi mdomoni kama amezaliwa nayo. Maneno yalilowa kidogo tu. Wasikilizaji wakaandika kumpa pole ya jino. Akawashukuru mmoja mmoja. Kisha akafungua mada ya meno, na kipindi kikaishia kwenye magego.

Mpango wa pili, kipindi cha mchana. Nikaingia kufuta meza, nikatoka na karatasi zake zote za kusoma nikiwa nimezizungushia kitambaa. Mtu bila karatasi atasema nini?

Akasimulia maisha yake. Alivyozaliwa. Alivyoanza kuongea (mapema, anadai). Mwalimu wa kwanza aliyemgundua. Mkuu wa Idara akapita koridoni, akasimama karibu yangu, akafumba macho, akasema hicho ndicho kipindi bora cha muhula huu. Nikakubali kwa kichwa tu. Karatasi zilikuwa tumboni mwangu chini ya shati, nikiongea zinalia.

Jioni nimepitia somo la nadharia. Kuna mtumaji, ujumbe, chombo, mpokeaji, na kelele. Mwalimu anasema kelele ni chochote kinachozuia ujumbe usimfikie mpokeaji. Pembeni nimeandika mfano: Asali.


Alhamisi, 12 Februari

Babu wa studio amefariki.

Ndiye aliyekuwa mtangazaji wa kwanza wa redio hii, na filimbi ile aliichagua yeye. Mimi nilimwona mara moja, alipokuja kusalimia. Aliniuliza mimi nani, nikasema mwanahabari. Akatazama kitambaa changu, akasema na yeye alianza hivyohivyo. Sijui kama ni kweli. Lakini alilisema vizuri.

Mkuu ametuita wote, mpaka sisi wa vitambaa. Kesho asubuhi kuna kipindi maalumu, moja kwa moja hewani. Mjane wake atakuja studio. Asali ataongoza. Mimi nitashika bilauri ya maji ya mjane. Na katikati ya kipindi kutakuwa na dakika moja ya kimya.

Sentensi hiyo nimeisoma upya nikiwa nimekaa kitandani. Dakika nzima. Kimya. Hewani.

Nisidanganye: kwanza nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Ndipo nikausikia mkoromo wa Trekta kichwani mwangu. Nikakumbuka makala yangu inavyoanza. Mkoromo. Mkoromo. Mkoromo mrefu. Kisha mimi, kwa sauti ya radi: "Amka, ndugu yangu! Utalala mpaka lini? Wenzako wote wameshafika!"

Kwa marehemu. Mbele ya mjane.

Mimi nina mambo yangu, lakini hapo hapana.

Nikakimbia kwa Fundi. Hayupo. Amepelekwa msibani na gari la chuo kufunga vipaza sauti, na funguo zimekwenda kiunoni mwake. Simu yake imezimwa. Chumba cha mitambo kimefungwa. Nimetikisa kitasa mpaka mfagiaji wa koridoni akaniuliza kama nimeacha mtoto ndani.

Nikaenda kwa Mkuu. Nikamwambia kitaalamu kabisa kwamba kimya kwenye redio ni hatari, mashine ya dharura inaweza kuamka. Akanisifu kwa kukumbuka. Kweli, akasema, Fundi angekuwepo angeizima. Lakini si neno: ikiamka itapiga ile filimbi, na filimbi ile ni ya marehemu mwenyewe. Tena itapendeza, akasema. Akafumbua macho akaniuliza kama kuna lingine.

Hapo ndipo penyewe. Mlango ulikuwa wazi, ningesema tu. Lakini nikisema, Jumatatu sihami, na mama anaendelea kuilaumu redio yake. Nikasema lingine ni dogo: badala ya kimya, kwa nini watu wasigune? Dakika moja ya kuguna. Inatoka moyoni zaidi.

Mkuu akafumba macho tena. Asali, aliyekuwa anapanga karatasi pembeni, akasema somo dogo lina ubunifu sana.

Si neno. Akili ninayo. Kompyuta ile inataka kimya. Nami nitakuwemo mulemule studio na bilauri. Sauti yoyote inatosha. Nikikohoa kidogo kila baada ya muda, haipati kimya chake, na hakuna atakayejua. Watu wanakohoa misibani. Ni adabu hata.

Nimefanya mazoezi jioni nzima. Trekta kanipa dawa ya kifua.


Ijumaa, 13 Februari

Naandika nikiwa nimejifunika shuka, na dawa ya kifua nimeimaliza.

Studio ni chumba kidogo kilichopigwa magodoro ukutani. Meza ya duara, maikrofoni nne, taa nyekundu juu ya mlango. Mjane alikuwa mama mdogo wa umbo, shali begani, mkoba mapajani. Aliuliza kama kiti alichokalia ndicho cha mumewe. Mkuu akasema ndicho. Sicho, kile kilivunjika mguu kipo stoo, mimi ndiye niliyekipeleka. Lakini mjane aliupapasa mkono wa kiti, akaridhika.

Asali, lazima niseme, aliongea vizuri. Polepole. Mimi ningeongea vizuri zaidi, ila aliongea vizuri. Kisha akasema sasa tusimame kimya kwa dakika moja kumkumbuka mzee wetu. Viti vikasogea. Vichwa vikainama. Taa nyekundu ilikuwa inanimulika usoni.

Nikakohoa.

Cha kwanza kilipita kama cha mtu yeyote. Nikahesabu moyoni, nikakohoa cha pili. Mkuu akafumbua jicho moja. Cha tatu kilitoka kikubwa, maana nilikuwa nimekibana, na bilauri ikamwagika mkononi. Asali akaniwekea kidole mdomoni, mdomoni mwake, mimi alinitazama tu. Nikamwonyesha kifua changu. Nikakohoa cha nne nikiomba radhi kwa macho.

Hapo mjane akageuka. Akaichukua bilauri mkononi mwangu, ile yake, akanisogezea mdomoni kwa mikono yake miwili. Nikanywa. Nilimeza kwa sauti kubwa kadiri nilivyoweza, maana nayo ni sauti. Nilipomaliza kumeza, nikakohoa.

Asali akanishika kiwiko, taratibu kama muuguzi, akanitoa nje. Mlango wa studio ni mnene, ukifungwa unafungwa kama wa jokofu. Nikabaki koridoni. Kupitia kioo nikamwona Mkuu akizungusha kidole hewani: dakika ianze upya, kwa kuwa ya kwanza iliharibika.

Dakika nzima upya. Na mimi niko nje.

Nimegonga kioo, kioo kile hakipitishi kitu. Nimekohoa koridoni peke yangu, kwa moyo wangu wote, mpaka mfagiaji akaniletea kiti. Ndani vichwa vimeinama. Ukutani, spika haisemi neno. Haikusema tena. Haikusema.

Kisha ikakoroma.

Ee Mungu wangu, Trekta. Sikujua kama pua ile ina uwezo huo kwenye spika kubwa. Kioo nilidhani kitapasuka. Ndani, vichwa vyote vikainuka kwa mpigo. Mkuu alitazama dari, iliko spika ya studio. Mkoromo wa pili. Mkoromo wa tatu, ule mrefu wenye filimbi yake mwishoni. Na mimi, kwa sauti ya radi, namwambia marehemu aamke, wenzake wote wameshafika.

Asali akaufungua mlango kwa kishindo akimwita Fundi, Fundi ambaye hayupo, kisha akarudi mbio kwenye meza kuupapasa mtambo. Kwa kuwa mlango ulibaki wazi, niliona na kusikia yote. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitufe cha kukata matangazo. Mjane akaushika.

"Mwacheni," akasema. "Miaka yote ndivyo nilivyokuwa nikimwambia. Hivyohivyo. Wenzako wote wameshafika."

Akacheka. Mabega yakamtingishika muda, kisha hakuwa anacheka tena. Mkuu akamshika mkono. Hakuna aliyegusa kitufe.

Na kwa kuwa mjane alikuwa anasikiliza, ilibidi wote wasikilize. Dakika tano zote. Wamesimama. Sijawahi kuisikia makala yangu mbele za watu. Ni ndefu kuliko nilivyodhani. Nilitaja takwimu za wanaolala mstari wa nyuma (mimi na Trekta). Nikatoa wito kwa serikali.

Kisha akaja daktari wa usingizi. Hapa nieleze. Daktari sikumpata. Madaktari wana kazi zao. Kwa hiyo nilijifunika blanketi, nikanenepesha sauti, nikajiuliza na kujijibu mwenyewe, na bila kujisifu yule daktari ni bora kuliko mimi. Alisema ubongo una vyumba saba, na usingizi unao ufunguo wa vinne. Trekta alipomsikia mara ya kwanza aliandika pembeni mwa daftari lake la udongo.

Mkuu alikuwa amefumba macho muda wote. Daktari alipoanza kuongea, akayafumbua, akanitazama kupitia mlangoni.

Mwisho jina langu likatajwa, mara mbili, kama nilivyolipanga. Mjane akakusanya shali lake. Alipopita koridoni aliniuliza kifua kinaendeleaje.


Jumamosi, 14 Februari

Mama amepiga. Amenisikia.

Anasema alikuwa na mteja mwenye pini mabegani. Wakasikiliza kipindi cha huzuni, ghafla redio ikanyamaza kabisa, ila mtu mmoja anakohoa. Kisha hata wa kukohoa akanyamaza. Mama akajua ni redio yake imekufa, akaipiga kofi, na mimi nikatoka. Anaamini ni lile kofi. Mteja naye anaamini. Leo amekuja jirani wa mbele kuomba redio yake ipigwe.

Sauti yangu ameipenda. Ameuliza tu kwa nini namkaripia mtu aliyelala, kwani nimelelewa wapi. Na mteja wake angependa kujua yule daktari anapatikana wapi, ana mume anasinzia mpaka akiwa juu ya ngazi. Nikasema daktari yule ana shughuli nyingi mno.

Nikasikia mama akikata uzi kwa meno. Akasema ana sauti nzuri, huyo daktari. Akauliza kama ana mafua.

Kisha akasema sasa basi, mimi ni mtangazaji kamili, amewaambia wote. Nikasema tungoje Jumatatu. Akauliza Jumatatu kuna nini. Nikasema mtandao unakatika, nikakata mtandao.

Lakini nipige hesabu kama mtu mzima. Sharti lilikuwa makala iliyorushwa hewani. Imerushwa. Haikusemwa irushwe lini, wala juu ya nani. Mjane hakukasirika. Kisheria mimi nimeshahama.


Jumatatu, 16 Februari

Nimevaa shati la kola. Mama ndiye aliyelishona. Linabana shingoni kidogo, inanifanya nionekane ninafikiri.

Mkuu alikuwa peke yake ofisini. Fundi amerudi, kwa hiyo la faili linajulikana. Filimbi niliirudisha mwenyewe na flashi yake. Nikasimama. Hakuniambia nikae, nikakaa.

Alianza vizuri hata nikatamani Asali angekuwepo asikie. Alisema kubadilisha faili ni kosa, lakini Fundi naye aliacha mitambo na mtu wa kufuta vumbi. Alisema kikohozi kile kilimkera mno, mpaka siku ya pili yake ndipo akaelewa nilikuwa najaribu kuzuia nini. Alisema mjane ameomba nakala ya mkoromo. Alisema sharti ni sharti, na makala yangu, utake usitake, imerushwa hewani.

Niliusikia mlango wa somo kuu ukifunguka. Kwa kweli niliusikia.

Kisha akafumba macho.

"Yule daktari ni nani?"

Nikasema ni mtaalamu mmoja. Akauliza yuko wapi. Nikasema amesafiri. Akaniomba nirudie. Mimi nikiogopa sauti hunenepa yenyewe, sina uwezo juu yake. Nikarudia kwamba amesafiri.

"Ndiye huyu," akasema Mkuu, macho bado amefumba. "Faili linarudishwa. Kikohozi nimekuelewa. Lakini mtu asiyekuwepo huwezi kumleta hewani akasema neno, mwanangu. Kazi yetu yote ni hiyo tu. Hakuna nyingine."

Nikamweleza kwamba daktari hakumdhuru mtu, na la vyumba saba huenda hata ni kweli, nani amehesabu? Haikusaidia. Somo kuu sikupewa. Na somo dogo nimenyang'anywa. Kwa kuwa sheria ya chuo inataka kila mtu awe na somo dogo, nimepelekwa penye nafasi: Umwagiliaji.

Udongo na maji. Mimi sasa ni tope rasmi.

Nje nilimkuta Asali ananisubiri. Nikajiandaa kuchekwa. Wala. Alisema pole, tena kwa sauti ya kawaida, haina asali hata kidogo, na kwamba yeye angeniombea msamaha kama angeulizwa. Kisha akaniuliza mkoromo ule niliurekodi kwa simu gani, maana usafi wake wa sauti hajawahi kuusikia. Nimemkabidhi kitambaa cha vumbi. Amekipokea kwa mikono miwili.


Jumanne, 17 Februari

Somo la kwanza la Umwagiliaji. Mwalimu amechora bomba. Nimeuliza kama kuna nafasi ya kuongea kwenye bomba. Hakuna.

Mama ameacha ujumbe: Jumapili wateja wake watakuja nyumbani kunipongeza kwa utangazaji, nisiache kuja, na nije nimenyoa.

Hapo nikakaa nikafikiri mpaka chai ikapoa. Kumwambia ukweli ningeweza. Lakini ukweli wa namna hii unataka utolewe na mtu mwenye heshima zake, msomi, anayeaminika, asiye ndugu. Mimi namjua mmoja tu.

Nimeazima simu ya Trekta ili namba isijulikane. Nimejifunika blanketi. Daktari amempigia mama.

Alikuwa katika ubora wake. Alijitambulisha, akaomba radhi kwa kumkatiza na kazi. Akasema anamfahamu kijana wake vizuri sana, kichwa kile kina vyumba vyote saba. Akasema chuo kimemtazama, kikaona Mawasiliano ni madogo kwake, kikamwomba chenyewe, kwa kumbembeleza, aende kwenye Umwagiliaji, ambako wanaingia wachache. Kwa hiyo asishangae asipomsikia redioni. Na wageni wa Jumapili, kitaalamu, waahirishwe.

Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Cherehani ilikuwa imesimama. Kisha akasema ahsante daktari kwa kumjali mwanangu. Akauliza kama daktari amekula.

Kwa sauti ileile nzito nikamjibu: "Bado, mama."

Akasema basi daktari apite jioni atamwekea chakula, na aje na nguo zake za kufua.

Ameamini kila neno.